Nyirinyiri za Sajini

Kwanza niwaombe radhi wote niliowahi kuwapa mkono harusini hapa Isiolo, kuanzia ujana wangu hadi siku niliyostaafu. Niliosha. Nawaapia niliosha, tena kuliko daktari wa upasuaji, na shahidi wangu ni mke wangu, ambaye hajawahi kunitetea bure.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi ya mifugo siku hizi mna glavu za boksi zima na simu za kupiga picha kila kidonda. Mimi nilikuwa na ndoo ya udongo mwekundu langoni. Kazi yangu ilikuwa kuchanja mbwa, wasipate kichaa, katika mji ambao nusu ya watu ni Waislamu kama mimi. Hebu fikirieni hilo kidogo. Mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na mimi mate ya mbwa ndiyo yalikuwa ofisi yangu. Nikirudi jioni mke wangu anasimama na birika akihesabu kwa sauti, na akisahau alipofika tunaanza upya. Iko siku alipita jirani, wakaongea habari za arusi ya mtu, nikaoshwa mara kumi na tisa.

Watu waliniita Dakitari. Sikuwa daktari, nilikuwa msaidizi tu, mbeba boksi la barafu na sindano. Lakini mbwa hajawahi kuniuliza cheti, na wenyewe pia hawakuuliza, nami nikanyamaza mpaka nikastaafu nalo jina.

Juzi vijana wa ofisi yangu ya zamani waliniomba niwaandikie juu ya chanjo. Chanjo mtasoma kwenye karatasi. Mimi nitawaandikia juu ya mbwa na watoto wadogo, kwa sababu hilo nililijifunza kwa makalio yangu mwenyewe, na kwa sababu mwaka wangu wa mwisho kazini lilikaribia kumtenga mama mmoja na mjukuu wake.

Nianze na makalio. Nilikuwa mgeni kazini, tumeenda Kipsing kuchanja, mimi na mzee Lokiru, Mturkana wa Ngaremara aliyekuwa mwalimu wangu bila kuandikwa popote kwamba ni mwalimu. Akaja msichana mdogo, labda wa miaka sita, amembeba mbwa wake kwa shingo, mbwa ananing'inia kama kikapu. Nikamwambia mshike hivyo hivyo. Mbwa alikuwa akitikisa mkia, nami nilikuwa nimesoma kwamba mbwa anayetikisa mkia amefurahi. Nikageuka kuchukua sindano, nikainama. Sikuichukua sindano ile.

Lokiru alicheka mpaka akakaa chini. Akanipeleka bombani, akanisafisha kwa maji na sabuni kwa muda mrefu sana, robo saa nzima, huku akicheka, kisha akanipeleka hospitali nikachanjwe mimi. Hilo la sabuni na hospitali msilicheze, hata mbwa awe wa imamu. Tukiwa njiani, mimi nimesimama kwenye gari maana kukaa kulishindikana, ndipo akaniambia kwamba yule mbwa alikuwa amenipigia simu mara nne sikupokea. Alikuwa amelamba midomo na hakuna chakula. Alikuwa amepiga miayo na hana usingizi. Alikuwa amegeuza uso pembeni mpaka weupe wa jicho ukatokea. Na ule mkia ulikuwa umesimama mgumu, unatikisika ncha tu. Kisha akaniambia neno nililolisahau kwa miaka mingi, mpaka nilipolihitaji. "Mbwa ukimfunga, umemnyima miguu. Anabaki na meno peke yake."

Sasa niwapeleke kwa Akko Halima. Akko ni nyanya kwa Kiborana, na mtaani kila mtu alimwita hivyo, hata mimi ninayemzidi miezi kadhaa. Alikuwa mjane, amehamia ukingoni mwa mji kutoka Korbesa akiwa na mbuzi kumi na mmoja na mbwa mmoja. Mbwa huyo aliitwa Sajini. Marehemu mumewe ndiye aliyempa jina, kwa vile alivyokuwa akizunguka zizi kama mtu anayekagua askari, na akifika kwa beberu anasimama kidogo zaidi.

Akko hakuwahi kumgusa Sajini hata siku moja. Chakula chake alikiweka kwenye sufuria kuukuu kando ya zizi, akaondoka. Lakini alikuwa akimsimulia habari zote za nyumbani, akiwa umbali wa hatua tano, na Sajini akisikiliza. Mimi nimeona ndoa zenye mazungumzo machache kuliko hayo.

Alikuwa na binti mmoja, Rukia, na Rukia alikuwa na mtoto mmoja, Zaki, wa miaka miwili na nusu, miguu mifupi na mbio za ajabu. Rukia alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Meru baada ya kuingoja miaka. Mpango ulikuwa Zaki akae na nyanya yake hapa Isiolo, mama awe anakuja mwisho wa wiki. Tatizo lilikuwa moja. Sajini, aliyekuwa amepigana na fisi bila kurudi nyuma, akimwona Zaki alisimamisha manyoya ya mgongo na kunguruma.

Nilienda kumchanja Sajini, nikakuta mama na binti wamenuniana. Rukia alinigeukia mimi, kama kwamba ni mimi niliyemzaa huyo mbwa. "Dakitari, mimi sina ubaya na mbwa. Lakini shule inafunguliwa baada ya wiki tano. Ama Sajini aende, ama Zaki aende Garissa kwa mama ya baba yake."

Garissa si karibu. Akko alikuwa akitikisa kibuyu cha maziwa, na akaendelea kukitikisa muda mrefu baada ya siagi kuwa imeshapatikana. Rukia alipoingia ndani, Akko aliniambia polepole kwamba mume wake alipokufa watu walikuja, wakala, wakarudi kwao, na aliyebaki mlangoni ni Sajini. "Sasa niambiwe nichague? Huyu alilinda mbuzi, mbuzi wakasomesha Rukia, Rukia akazaa Zaki. Nitamkata nani hapo?"

Nikamwambia aniachie wiki tano. Kwa nini nilisema hivyo sijui. Nadhani nilitaka kumaliza kazi kwa heshima.

Zamani, vijana, tungesema mbwa anayenguruma apigwe mpaka aache. Nimewaambia watu hivyo mwenyewe, Mungu anisamehe. Mbwa akipigwa kwa kunguruma ataacha kweli kunguruma, ila hajaacha kuogopa, na siku ikimfika shingoni anauma kimya kimya. Ngurumo ni hodi ya mbwa. Ukimkataza kupiga hodi, ataingia bila hodi.

Kwa hiyo sikufanya kitu. Nilichukua kigoda nikakaa uani asubuhi nzima, nikapewa chai, nikatazama. Na hapo ndipo nilipoona kosa, kosa letu sisi, ambalo huenda kwingine lisifanyike. Zaki anatoka mlangoni. Sajini, aliyelala zake, anainua kichwa. Akko anasema toka. Rukia anasema toka. Mama jirani, ambaye hata hayupo katika ua ule, anasema toka kutoka ng'ambo ya wigo, na ndala inaruka. Hawakumchukia. Walichotaka ni asimguse mtoto, mtoto akamguse nyanya, nguo ya kuswalia ya nyanya ikaingia najisi. Zaki akirudi ndani, amani. Zaki akitoka, toka na ndala. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimehesabu toka thelathini na moja, na tatu kati ya hizo nilizisema mimi, kwa mazoea.

Jiwekeni mahali pa Sajini. Kila ukiona mtu fulani mfupi, unarushiwa kiatu. Baada ya mwezi ungempenda huyo mfupi?

Dawa ikawa kugeuza hesabu. Nilimwomba Akko nyirinyiri, ile nyama ya vipande vidogo iliyokaangwa ikakauka na kuhifadhiwa kwenye mafuta. Akashtuka. Nyirinyiri ni ya wageni, ni ya arusi, na mimi naitaka ya mbwa. Nikamweleza kwamba lazima iwe kitu ambacho Sajini hajawahi kukiota. Akakubali kukaanga nyingine, bila chumvi wala viungo, huku akinung'unika kwamba wazee wake wa Korbesa wasije wakasikia.

Tukapanga mawe meupe kuzunguka kibanda cha Sajini. Ndani ya mawe ni kwake, mtoto haingii, mtu mzima haingii, ndala haiingii. Nje ya mawe, mbali kabisa, karibu na mlango wa jikoni, ndipo Zaki alipoanzia, mkono wake ndani ya mkono wa nyanya yake. Zaki akitokea, kipande kimoja kinaangukia mbele ya Sajini, kidogo kama punje ya mahindi. Kingine. Kingine. Zaki akirudi ndani, nyama inakoma, kama bomba lililofungwa. Dakika tatu, basi. Hatukumpeleka mtoto kwa mbwa, wala mbwa kwa mtoto. Kila siku, kama Sajini ametulia, mdomo umelegea na macho yamelainika, tunasogea hatua moja. Akilamba midomo au akigeuza uso, tunarudi mbili.

Shida kubwa haikuwa mbwa, ilikuwa watu. Akko aliweka sheria kwamba atakayetamka neno toka hapo uani ataleta mtungi wa maji kutoka bombani. Wiki ya kwanza nyumba ile haikuwahi kukosa maji. Jirani peke yake alileta minne. Mimi nilileta miwili, na mgongo wangu unazikumbuka hatua zote.

Niungame na jambo lingine: nyirinyiri ya Akko haikuisha haraka kwa sababu ya Sajini peke yake. Mkufunzi naye ana njaa.

Kulikuwa na jambo nililodhani litatushinda. Nilikuwa nimeona kwenye simu mafunzo ya wazungu, mtoto anambembeleza mbwa, anamkumbatia, wanalala kochi moja. Akko alishasema hapo hapo mwanzoni kwamba mtoto hatamgusa mbwa, na hilo halina mjadala. Nikasikitika, nikaona tumefungwa mkono mmoja. Siku ya kumi, nikiwatazama wawili wale, Zaki kwa mbali anacheza na mfuniko wa sufuria na Sajini amelala ubavu, nikacheka peke yangu mpaka Akko akaniuliza kama nina homa. Nilikuwa nimegundua kwamba kile nilichokiona kizuizi kilikuwa zawadi. Nani alitwambia mbwa anapenda kukumbatiwa? Yule wa Kipsing alikumbatiwa, na mimi ndiye niliyelipia. Sajini hakutaka kukumbatiwa na Zaki. Alitaka Zaki asiwe habari mbaya. Hatua tano na maneno mazuri, vile Akko alivyoishi naye miaka yote, zilimtosha kabisa.

Kisha tukafaulu kupita kiasi. Sajini alifanya hesabu yake mwenyewe akaamua kwamba si Zaki tu, bali kila mtu mfupi duniani huleta nyirinyiri. Asubuhi moja hakuonekana. Tulimtafuta bondeni, tukamtafuta njia ya mnadani. Akaja maalim wa madrasa ya jirani, mtu mpole, ameshika kofia yake mkononi. "Salaam aleikum, Dakitari. Njoo uchukue mwanafunzi wako. Amekaa mbele ya dirisha tangu alifajiri, na watoto wangu hakuna anayeangalia ubao." Nikamkuta Sajini amekaa wima, masikio mbele, akitazama watoto arubaini. Sijawahi kuona mbwa mwenye matumaini makubwa namna ile. Ilibidi nirudi na kumfunza kwamba baraka ni ya ua wetu tu, na hilo lilichukua siku nne na kamba ndefu.

Hapo kichwa kikavimba. Wiki ya tatu nilitangaza kwamba kazi imekwisha, na nikamwita Rukia aje aone. Nilitaka ionekane vizuri, hivyo nikamfunga Sajini kwa mnyororo mfupi kwenye nguzo ya kibanda, ndani ya mawe yake, ili Rukia asiwe na wasiwasi. Nikasimama katikati kama mwenye sherehe. Zaki akachomoka mkononi mwa mama yake, biskuti mkononi, mbio zile zile, moja kwa moja hadi kwenye mawe. Sajini alirudi nyuma mnyororo ukamzuia. Akageuza uso. Akalamba midomo. Nilikuwa nikiongea, sikupokea simu. Akanguruma, akauma hewa, na ncha ya shati la Zaki ikabaki mdomoni mwake.

Mtoto hakuguswa hata ukucha. Alilia kwa sababu ya biskuti. Lakini Rukia alikuwa amembeba yuko langoni kabla sijafunga mdomo. Alisema Ijumaa ya wiki inayofuata atampeleka Zaki Garissa. Akko aliingia ndani akafunga mlango. Nilimfungua Sajini, akaenda kujikunja nyuma ya zizi, na mimi nikakaa kwenye kigoda nikiona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Sikuwa nimekosea kwa kutojua. Nilijua, Lokiru aliniambia, na nikamnyima mbwa miguu ili mimi nipendeze.

Siku iliyofuata nilienda na msumeno. Nikautoa mnyororo nikautupa. Kisha nikakata ubao wa nyuma wa kibanda, nikafanya mlango wa pili, unaotokea upande wa mbuzi. Akko alikuwa akinitazama akiwa hatua tano, vile anavyomtazama Sajini. Akauliza huo ni wa nini. Nikamwambia ni wa kuondokea. Akafikiri. "Hata mimi jikoni kwangu ningependa mlango kama huo, siku wageni wakizidi." Ndipo nikajua amenisamehe, na nikafurahi kama mtoto.

Tukarudi mwanzo kabisa, mlango wa jikoni, mtu mmoja akimshika mtoto na mwingine akirusha nyama. Rukia alikubali kwa sababu ya mama yake, si kwa sababu yangu. Hakunisalimia siku tatu.

Alhamisi, siku moja kabla ya safari, hatukuwa tunafundisha kitu. Tulikuwa tumekaa uani, Rukia anakunja nguo za Zaki kuzitia kwenye begi, Akko anamsaidia. Sajini alikuwa ndani ya kibanda na mfupa, na mbwa mwenye mfupa hata mimi simwendei. Rukia aliinama kufunga zipu. Zipu ilikwama. Kwa muda huo mfupi Zaki alivuka mawe.

Vijana, hapo ndipo mjue kwa nini nawaambia mtoto na mbwa hawaachwi peke yao, hata mbwa awe malaika, hata zipu ikwame. Tulikuwa watu wazima watatu, na hakuna aliyekuwa karibu vya kutosha. Nilisimama, na nikajizuia kupiga kelele, maana nilijua kelele yetu ndiyo ndala. Zaki alikuwa mlangoni mwa kibanda, amenyoosha mkono. Sajini aliacha kutafuna. Mwili ukawa mgumu. Akalamba midomo. Akageuza uso pembeni, na safari hii nilisoma kila neno.

Kisha akauchukua mfupa wake, akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakukimbia. Alitembea kama mzee aliyeona baraza limejaa, akapita kati ya mbuzi, akalala upande wa pili, akaendelea na mfupa.

Nilirudi kwenye kigoda changu. Akko alikuwa anacheka na kulia pamoja, ameziba mdomo kwa ncha ya shuka. Rukia alitembea polepole hadi kwenye mawe, akasimama nje, hakuvuka. Akanyoosha mkono kwa mwanawe.

"Toka hapo, Zaki," akasema. "Hiyo ni nyumba ya Sajini."

Miaka yote neno hilo katika ua ule lilikuwa la mbwa. Nilimtazama Akko, Akko akanitazama, na hakuna aliyekumbuka kumwambia Rukia kwamba anadaiwa mtungi wa maji. Alimshika mtoto mkono, akamrudisha kwenye mkeka, akalivuta lile begi akaanza kutoa nguo moja baada ya nyingine. Kisha, bila kututazama, akatia mkono kwenye kopo la nyirinyiri, akakirusha kipande juu ya mbuzi, mbali, mpaka kikaangukia mbele ya pua ya Sajini.